Mtoto Ambaye Sikutakiwa Kumliza

Leba nzima waliniita Zuhura Mlizaji, na jina lenyewe nililipenda, nisiwafiche. Nyie mnaopita mbele ya kibaraza changu hapa Mtoni mkiwahi shifti, sare zimepigwa pasi, mnanirushia shikamoo sista bila hata kusimama, hamkunikuta enzi zangu. Mtoto akizaliwa kimya ilikuwa sauti moja tu: "Mwiteni Mlizaji!" Naja na yeboyebo zangu, namkausha mtoto kwa khanga, namsugua mgongo, na akinigomea nashika begi. Begi ni ule mfuko wa mpira unaobonyezwa kwa mkono, mbele una kikombe laini cha kufunika pua na mdomo wa mtoto. Ukibonyeza, hewa inaingia kifuani, ukiachia, inatoka. Bonyeza, mbili, tatu. Bonyeza, mbili, tatu. Dakika haijaisha, nyaa! Huko nje kina bibi waliotega masikio mlangoni wanapiga vigelegele, na mie natoka kifua mbele kama niliyezaa mwenyewe.

Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na ushee, nusu leba, nusu wodi ya watoto wachanga. Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini, namwambia nilikuwa nawapumulisha watu wasiojua hata majina yao. Wanangu wananicheka, eti mama unajikweza. Acha nijikweze. Nimestaafu, magoti yananiuma, na kujikweza ni katika starehe chache zilizonibakia.

Ila leo sijikwezi. Leo nawapa habari ya mtoto mmoja ambaye kila mtu pale leba alikuwa anamwombea alie, na kulia ndiko kulikokuwa kunamwua. Na aliyekuwa anahangaika kumliza ni mie.

Kwanza mjue tulikotoka, msije mkadhani hizi mashine zilikuwepo tangu Adamu. Nilipohamia wodi ya wachanga, mtungi mmoja wa oksijeni ulikuwa unagawanywa kwa watoto wanne kwa mipira. Nani anahitaji zaidi? Unamjua kwa macho: rangi ya midomo, pua zinavyotanuka, mbavu zinavyoingia ndani. Vidude vya kupima oksijeni vilikuja baadaye sana. Halafu zikaja chupa za mapovu. Mpira unaingia puani mwa mtoto, ncha ya pili ya mpira inazamishwa kwenye chupa ya maji, na ule mgandamizo mdogo wa maji unayazuia mapafu ya mtoto njiti yasijifunge. Kazi ya muuguzi ni kusikiliza. Mapovu yakichemka, mambo mazuri. Chupa ikinyamaza, kuna kitu.

Siku moja chupa yangu ikanyamaza. Nikakagua pua, nikakagua viungio, nikabadilisha chupa, nikabadilisha maji, nikatukana kiwanda kilichotengeneza ule mpira, mpaka nikamwita fundi wa vifaa. Fundi akaja, akanitazama usoni, akatazama chini.

"Sista, nyanyua mguu."

Nilikuwa nimeukanyaga mpira mwenyewe! Mwaka mzima, kila nikilalamika jambo pale wodini, kuna mtu atasema, "Sista Zuhura, nyanyua mguu." Hata matroni. Nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini nilipata tabia moja nzuri: jambo likiharibika, namkagua Zuhura kwanza, ndipo nakagua vingine. Tabia hiyo, bahati mbaya, niliiacha nyumbani siku ya mtoto wa Mwalimu Anjela.

Kabla ya huyo mtoto, niwajulishe kwa Daktari Kemilembe. Huyu alikuwa daktari wetu wa watoto, mama wa Kihaya, mrefu, sauti ya chini mpaka inakulazimu usogee ndiyo umsikie. Alikuwa na mtindo uliokuwa unatuudhi. Anaingia wodini mikono mfukoni, anasimama pembeni ya kitanda, anamtazama mtoto dakika nzima bila kumgusa. Sie wauguzi tulikuwa tunamteta: huyu mama wa Bukoba kaja kutibu au kaja kuangalia sinema? Mie nilikuwa kinara wa kumteta. Mikono yangu haikujua kukaa, na mtu ambaye mikono yake inakaa nilimwona mvivu.

Haya. Mwalimu Anjela alikuwa anafundisha shule ya msingi, anakaa Kipawa na mumewe, mimba ya kwanza. Kliniki hakukosa hata mara moja. Utrasaundi alifanya moja tu, mapema mno, tatizo likiwa bado halijaweza kuonekana. Uchungu ukamshika asubuhi, na mchana saa nane akawa amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mzuri, nywele tele. Nje ya leba alikuwepo mama mkwe wake, bibi wa Rombo, kapakata chupa kubwa ya mtori, anasubiri kusikia sauti ya mjukuu.

Mtoto akalia mara moja, kidogo, halafu akakata. Akaanza kuwa wa bluu. "Mwiteni Mlizaji!"

Nikaja kutoka wodi ya wachanga. Nikamkausha, nikamsugua, nikampiga piga nyayo. Akavuta vuta hewa kwa shida. Nikashika begi. Bonyeza, mbili, tatu. Kwa kawaida baada ya mibonyezo mitano, sita, unaona rangi inarudi, midomo inaanza uwekundu. Huyu rangi ikazidi kwenda. Nikasema kikombe hakijakaa vizuri, nikakikandamiza. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Rangi ikazidi kwenda. "We mtoto mkaidi," namwambia, "leo umekutana na mkaidi mwenzio." Nikaongeza tena nguvu.

Sasa nisikilizeni nyie. Kitu nilichotakiwa kukiona kilikuwa mbele ya macho yangu, na nilikiona. Mtoto akizaliwa tumbo lake huwa la mviringo, limejaa. La huyu lilikuwa limebonyea ndani, limeingia kama la mtu aliyefunga siku tatu. Nililiona nikajisemea, huyu mwembamba. Mtoto wa kilo tatu na nusu, mwembamba! Mikono ikishaanza kazi, macho yanageuka kuwa watumishi wa mikono, yanaona kile mikono inachotaka.

Daktari Kemilembe akaingia. Ndiyo siku ya kwanza nilimwona akitoa mikono mfukoni kwa haraka. Akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani kushoto, kimya, hakuna pumzi. Akahamishia kulia: moyo unadunda upande wa kulia, mahali ambapo si pake.

"Zuhura, acha."

"Daktari, hapumui!"

"Acha, nakwambia. Unaupulizia utumbo."

Mkono wangu ukabaki hewani. Sijawahi kuambiwa niache begi mtoto akiwa wa bluu. Kwangu ilikuwa sawa na kuambiwa niondoke nikamwache afe.

Ugonjwa wenyewe ni huu, na nauelezea kama alivyonielezea yeye baadaye, polepole, kwa kuchora nyuma ya karatasi ya ripoti. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo cha nyama kinachotenga hivi viwili. Kuna watoto wachache ambao kiwambo hicho kinabaki na tundu tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Utumbo unapanda kifuani, unakaa huko, unachukua nafasi ya pafu. Pafu la upande huo linabaki dogo, na moyo unasukumwa upande wa pili. Ndiyo maana tumbo linakuwa limebonyea, wenyeji wake wamehamia ghorofani. Sasa mtoto kama huyo ukimbegi kwa kikombe cha usoni, hewa haiendi mapafuni peke yake, nyingine inashuka tumboni, na tumbo lenyewe liko kifuani. Linafura. Likifura linaminya kale kapafu kadogo kanakohangaika. Kulia nako ni vilevile, kila kilio anameza hewa. Kwa hiyo kila nilipobonyeza nikidhani namsaidia, nilikuwa nambana. Na nilivyoona anazidiwa, nikazidisha kumbana.

Daktari akamwingiza mpira moja kwa moja kwenye njia ya hewa, ili pumzi ipite huko tu isizurure. Akaniambia, bila ukali wowote, "Wewe mwekee mpira wa tumboni. Mkubwa. Vuta hewa." Nikauweka. Nikachukua bomba la sindano nikaanza kuvuta. Ikatoka hewa. Nikavuta tena, ikatoka tena, bomba baada ya bomba, na yote ilikuwa hewa yangu mwenyewe, niliyompulizia mie. Nililia pale pale, machozi yananidondokea kwenye glovu. Rangi ya mtoto ikaanza kurudi, ndogo ndogo.

Nje bibi wa Rombo alikuwa ameshasimama. "Mbona halii? Jamani, mbona mjukuu wangu halii?" Nilipita mlango wa nyuma. Miaka yote sikuwahi kupita mlango wa nyuma wa leba.

Tukampandisha wodini akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Hapo nikaanza shule upya, mtu mzima na wajukuu wawili. Daktari Kemilembe alibandika karatasi kwenye kitanda: USIGUSE. Mtoto wa kiwambo, wanangu, mishipa ya mapafu yake ni myepesi kukasirika. Ukimshtua, ukimgeuza ovyo, ukipiga kelele, mishipa inajikaza, oksijeni inaporomoka, na kuirudisha ni kazi ya nusu siku. Tukanong'ona kama tuko msikitini. Vyombo vya chuma tukavitandikia vitambaa visilie vikiwekwa. Kama kuna la kufanya, kubadilisha nepi, kupima joto, kunyonya makohozi, tunayakusanya tunayafanya mara moja, halafu tunamwacha alale. Tulimlaza ubavu wa kushoto, ule wenye ugonjwa, ili pafu zima likae juu lipate nafasi.

Na ile mashine haikufunguliwa sana. Mie nilizoea kwamba oksijeni ikisoma chini, unaongeza, unaongeza, mpaka namba ipendeze. Daktari alinishika mkono. "Usikimbize namba, Zuhura. Ukimpulizia kwa nguvu utalipasua hilo pafu zuri alilobaki nalo. Mpe kidogo, inayomtosha kuishi leo." Na kipimo cha oksijeni tukifunge mkono wa kulia, siyo mguu, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaosema ubongo unapata nini. Andikeni hilo, mkono wa kulia. Nimeona vijana wenye vyeti vyao viwili wanafunga mguuni halafu wanashangaa.

Bibi wa Rombo alitutesa kweli kweli, na nampenda mpaka leo. Kwanza alitaka kumkanda mtoto kwa maji ya moto. Akaambiwa haguswi. Akataka japo ampake mafuta. Haguswi. "Sasa huyu ni mtoto au ni yai?" akauliza. Halafu akaja na hoja ya nguvu: "Mmesema ana tundu. Madaktari mpo, sindano mnazo, nyuzi mnazo. Shoneni tundu!" Daktari Kemilembe akakaa naye kwenye benchi akamweleza kwamba tundu siyo linalomtesa leo, kinachomtesa leo ni mapafu. Wakimpeleka upasuaji mapafu yakiwa hayajatulia, atafia mezani. Kwa hiyo tunasubiri atulie, siku tatu, siku saba, hatujui. Bibi akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini mtori nitakuwa naleta." Alileta kila siku, tukawa tunakunywa sie.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni.

Mwalimu Anjela alikuwa hajui. Alijua mtoto kazaliwa na tundu, mapenzi ya Mungu, madaktari wanapambana. Zile dakika mbili za begi hakuna aliyemwambia. Nikamfuata matroni, nikamwambia nataka kumwambia mama wa mtoto. Matroni akanitazama kana kwamba nina homa. "Zuhura, mtoto yuko hai. Ugonjwa anao tangu tumboni. Unataka kujichongea ili iweje?" Na alikuwa na haki yake, alikuwa ananilinda. Ndivyo tulivyoishi, tunafunikana shuka.

Nikamwendea Daktari Kemilembe. Sikutegemea jibu lake. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Asipoambiwa na wewe, ataambiwa na mfagiaji. Chagua."

Nikamkuta Mwalimu Anjela siku ya pili, mchana, kwenye benchi la ukumbini, khanga mabegani, mama mkwe pembeni. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia: mwalimu, mwanao alivyozaliwa ni mie niliyemshika. Tumbo lake lilikuwa linaonyesha ugonjwa na sikulisoma. Nilimpulizia hewa kwa njia isiyomfaa, akazidiwa, mpaka daktari aliponizuia. Ugonjwa si mie niliyemletea, lakini zile dakika nilimwongezea taabu, na zimemharibu kiasi gani hakuna anayejua.

Bibi wa Rombo akashika kichwa. "Mama yangu weee!"

Mwalimu Anjela hakupiga kelele. Alinitazama, macho makavu. "Ulimpulizia mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mwalimu. Kama dakika mbili."

Akanyanyuka, akaegemea ukuta kwa sababu ya mshono wake, akaenda zake taratibu.

Kuanzia hapo hakuitikia salamu yangu. Anamsalimia mfagiaji, anamsalimia mlinzi, mie ananipita. Na mbaya zaidi, nikawa namwona anawavuta wauguzi wenzangu pembeni, mmoja mmoja, ananong'ona nao. Akimaliza na huyu, kesho yule. Nikajua imekwisha, mama wa watu anakusanya ushahidi. Nikamwomba matroni anihamishie chumba cha kangaruu, kule akina mama wanakaa na watoto wao njiti vifuani, kazi ya kusifia na kupima uzito tu. Akanihamisha. Lakini nilikuwa na njia yangu ya kwenda kuchukua dawa stoo, ambayo kwa muujiza ilipita dirishani kwa mtoto wa mwalimu kila saa. Nasoma namba, naondoka.

Niseme na hili, maana nyie ndio mtakutana nalo. Niliogopa begi. Likitokea la dharura namwita mwenzangu, nasingizia bega. Mlizaji mzima, mikono imekufa ganzi. Nilijiambia nimalizie miaka yangu kwenye kangaruu hivyo hivyo, watoto wanene, mama wanacheka, nani atajua?

Siku ya nane mapafu yalikuwa yametulia. Mashine imepunguzwa, namba imekaa. Daktari wa upasuaji akasema tayari, kesho asubuhi. Basi kulikuwa na jambo moja. Mashine yetu ya kupumulia ilikuwa haisafiri. Kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji ni ukumbi mrefu na mteremko wa matoroli, na njia nzima mtoto lazima apumulishwe kwa mkono, begi limeungwa kwenye ule mpira wake wa kooni. Ukizidisha, pafu linapasuka. Ukipunguza, anakata pumzi. Ukikosa mwendo, mishipa inakasirika na hakuna upasuaji tena. Daktari Kemilembe akamchagua Sista Vero, kijana, mikono mizuri, ametoka kozi.

Asubuhi hiyo niliitwa kutoka kangaruu. Nilivyofika nikakuta mjadala. Mwalimu Anjela ameshika kalamu, karatasi ya ridhaa iko mezani haijasainiwa. Vero kainamisha kichwa. Bibi wa Rombo anafoka kwa Kirombo na Kiswahili vimechanganyika, nilichookota ni "mwenda wazimu."

Daktari Kemilembe akaniambia, "Mwalimu anasema atasaini kama mtoto atapumulishwa njiani na wewe."

Nikadhani sijasikia. "Na mie?"

"Na wewe," Mwalimu Anjela akasema. Neno la kwanza kwangu tangu lile benchi.

"Mwalimu, hapana. Vero ni bora. Mie mikono yangu..." Nikainyoosha, ilikuwa inatetemeka hadharani.

Akaitazama. "Nimeiona." Akasaini.

Sikupewa nafasi ya kubisha tena. Daktari alinisogelea sikioni. "Vidole viwili, Zuhura. Siyo mkono. Gumba na cha shahada. Tazama kifua, kikinyanyuka kama mtu aliyelala usingizi, inatosha." Tukamtoa kwenye mashine. Nikaunga begi.

Nikabonyeza. Kifua kikanyanyuka, kidogo mno. Nikaachia. Toroli likaanza kutembea. Mie na magoti yangu mabovu, natembea ubavu ubavu, macho hayabanduki kifuani mwa mtoto. Vero kashika kipimo cha mkono wa kulia ananisomea namba. Daktari mbele anafungua milango. Kwenye mteremko toroli likataka kukimbia, nikasikia vidole vyangu navyo vinataka kukimbia nalo, vinataka kugeuka mkono mzima. Nikavikatalia. Yaani nilivikatalia kwa sauti, "Taratibu, Zuhura," na mlinzi akageuka kunishangaa. Jasho lilinimwagika mpaka kwenye soksi. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji mtaalamu wa usingizi akapokea begi kutoka mkononi mwangu, akatazama namba, akasema, "Ametulia huyu." Nikakaa chini, pale pale sakafuni, na sare yangu nyeupe.

Utumbo ukarudishwa tumboni, tundu likashonwa. Mapafu yalichukua wiki mbili zaidi kuzoea uhuru, mashine ikipunguzwa kama unavyomwachisha mtoto ziwa, leo kidogo, kesho kidogo. Mpira ukatolewa. Akapumua mwenyewe, haraka haraka, lakini mwenyewe. Mie nilirudi wodini kwetu, nikashika begi kama kawaida, na kuanzia hapo mpaka nastaafu sikulishika kabla macho yangu hayajapita tumboni.

Siku ya kuruhusiwa, bibi alikuja na mtori wa wodi nzima, kavaa kofia ya harusi. Mwalimu Anjela alikuwa anafunga mizigo, mtoto kalala begani kwake. Alishaanza kuniitikia salamu, lakini kwa ufupi. Sikuweza kumwacha aende hivi hivi. Nikamwambia, mwalimu, nimekaa na swali, nisaidie. Ilikuwaje ukanichagua mie, baada ya yote?

Akamweka mtoto vizuri begani.

"Ile wiki nilimuuliza kila muuguzi wa hapa," akasema. "Mmoja mmoja, pembeni. Nikawauliza, wewe umeshawahi kukosea mtoto? Wote wakasema hapana, hata siku moja. Nikawaogopa."